Pale Tangi Linapopumulia

3 Januari

Kitindamimba wangu,

Hujambo huko kambini na uhandisi wako? Kile kifua kimepona? Huku sote wazima, ila mimi mzima kupita wote, maana naoga maji ya moto kama mke wa waziri. Tangi lako la jua linang'aa juu ya paa mpaka wapita njia wanapinda shingo. Jirani Mdomo kaja kuuliza, "Hayo maji yanachemshwa na nini?" Nikamwambia, "Na jua, ila jua lenyewe kalituma mwanangu." Kanywea.

Vioo navifuta vumbi asubuhi kabla havijapata moto, kama ulivyoniagiza. Nina lawama moja tu. Ubavuni mwa tangi kuna kibomba kinadondosha maji mchana kutwa, ukuta wangu mweupe umeota mstari wa kutu. Na mwisho wa mwezi wanawake wa kikundi wanakuja kuuona mtambo! Nifanyeje?

Mama yako asiyezeeka

28 Januari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Najua huko simu haishiki mpaka mshuke mjini, kwa hiyo sikukungoja. Nilimwita fundi bomba, akakuna kichwa. "Mama, hiki hakizibwi." Nikamwambia, nyumba yangu haitatokwa na makamasi mbele ya wageni. Akajiondokea. Basi nikapanda mwenyewe na spana ya marehemu baba yako, nikakaza kizibo cha chuma. Kau! Hata tone.

Tangu hapo sichoti maji yake hata kikombe, nawatunzia wageni wayakute yamekolea. Mchana tangi linanguruma. Jirani Mdomo kashtuka, nikamwambia ndiyo nguvu yake hiyo, hajazoea vitu vizuri.

Mama yako, fundi mkuu

31 Januari, asubuhi

Mama, shikamoo.

Nimeshuka mjini leo, barua zako zote mbili zimeingia pamoja kwenye simu. Nisikilize. Pale kwenye kile kibomba ndipo tangi linapopumulia. Maji yakizidi moto, presha inatokea pale. Umeiziba, na jua halizimwi kama jiko. Tangi litapasuka kama bomu.

Watoe watu wote, mkae mbali na nyumba. Usipande, mama. Usikiguse hicho kizibo: kikilegea tu, mvuke utakuvaa usoni. Jua lizame, tangi lipoe usiku kucha, ndipo fundi apande. Nakupigia, inaita tu. Sitoki hapa mpaka unijibu.

Mwanao

31 Januari, adhuhuri

Mwanangu,

Marahaba. Simu niliizima sauti, wageni walikuwa wamejaa sebuleni. Nilipokuwa nasoma, Jirani Mdomo akanichungulia: "Vipi, anasemaje?" Nikasema, "Anauliza kama mmeshaoga." Wakaangua kicheko. Baba, ningewaambiaje wakimbie, nami nimewasifia mwezi mzima?

Lakini usinione mjinga, nimekuelewa. Nimewapeleka wote kule mwisho wa mtaa, nimewaambia picha ya kikundi inapendeza penye uwazi. Wanajipanga, wanagombania mbele. Mimi nimerudi, nimesema nachukua mtandio.

Kumngoja fundi mpaka kesho, mtaa mzima utajua mama wa mhandisi alitega bomu kwake mwenyewe. Jina lako hilo nimelibeba kichwani kama mtungi, silivunji leo. Kizibo nilikaza mimi, nitalegeza mimi, tena kidogo kidogo. Nimezungushia taulo mkononi na uso nitaugeuza pembeni. Ngazi ilikuwa palepale, nimeshapanda. Bati linatetemeka miguuni kwa ngurumo, lakini mimi nimezaa wanne nyumbani bila mkunga, tangi litanitisha nini?

Usipige tena, mkono mmoja una spana. Nikishuka nitakuandikia.

Mama yako

31 Januari, jioni

Mama, umeshuka?

Mwanao