Anza na Kwangu

Chakol

Akwii mwanangu,

Yoga, nakusalimu. Mvua imenyesha na mtama imeota vizuri. Baba yako bado anasumbuliwa na goti.

Nimesikia ni wewe injinia watu wa stima wametuma kuja kukata nyaya za wizi hapa kwetu. Watu wanahangaika, lakini Petronilla, jirani yetu wa vifaranga, hana wasiwasi. Aliniambia, "Mama Injinia, mtoto gani atakata stima ya mama yake?" Nilicheka na yeye, na hiyo kicheko bado inaniuma.

Kwa sababu waya yake inatoka kwangu. Mimi ndio nilikubali, vifaranga vilikuwa vinakufa na baridi. Fundi aliipitisha karibu na kamba ya nguo. Jana nikianika shuka yenye maji, stima ilinirusha chini. Baba yako nilimwambia nimeteleza. Watoto wa Petronilla wanacheza hapo kila siku.

Mwanangu, usiruke lango letu kwa ajili ya heshima. Anza na kwangu, watu wakiona. Nitakuwa nimesimama hapo, na usinisalimie mpaka umalize kukata.

Ni mimi mama yako,
Jesinta