Ganda la Yai kwenye Tuta la Jirani

Jumamosi, 7 Machi
Nimefika chuo cha bustani cha Pongwe kabla ya wenzangu. Nyanya zangu mbili zimelala tena. Majani bado ya kijani, hayana doa wala tundu. Yamelegea tu, kama yaliyomwagiwa maji moto. Nimezing'oa kwa jembe langu dogo. Maji yapo, dawa nimepiga. Sielewi.
Tuta la jirani yangu, Bi Mwanaidi, muuza khanga wa Maramba, limesimama vizuri mno. Kwenye kona ameinua kijiti, juu yake ganda la yai. Wiki iliyopita halikuwapo.

Jumanne, 10 Machi
Kazini nimekosea barua ileile mara mbili. Mkataba wangu wa ukarani unakwisha mwezi wa sita. Nyumba ya wageni hapa Raskazone inataka msimamizi wa bustani mwenye cheti, na cheti kitatoka kwenye tuta lile. Nyanya zikifa, nimekwisha.
Sisi ni Walutheri wa Lushoto. Mambo ya uchawi tulikatazwa hata kuyataja. Lakini naogopa. Ganda lile linanielekea mimi.

Jumatano, 11 Machi
Baada ya kazi nimekwenda Pongwe. Hapakuwa na mtu. Nimechimba chini ya kijiti kwa jembe langu, nikitafuta kilichozikwa. Hakuna. Mizizi tu, mingine nimeikata. Nimefukia.

Jumamosi, 14 Machi
Nyanya nyingine imelala. Nimemwamkia Bi Mwanaidi. Ameitikia marahaba bila kunitazama, akavuta ushungi. Asiye na lake jambo humtazama mtu usoni.

Jumamosi, 21 Machi
Za Bi Mwanaidi nazo zimelala, zile za karibu na kijiti. Kwanza nilifurahi. Naona aibu kuandika hivyo.
Mwalimu amekata shina la nyanya yangu, akalining'iniza kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama tui ukashuka polepole. Ni ugonjwa wa mnyauko, akasema. Unakaa udongoni, na unahama na jembe lisilooshwa.
Nimelitazama jembe langu. Tope limekaukia palepale.

Jumapili, 22 Machi
Kanisani sikusikia mahubiri. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nikisema, huenda nikafukuzwa.

Jumamosi, 28 Machi
Nimemwambia Bi Mwanaidi yote. Pale bombani, wenzetu wakisikia.
Alifunga bomba. Kisha: "Kwa hiyo wewe wanichimbia, watafuta uchawi?"
"Ndiyo, Bi Mwanaidi. Nisamehe."
"Ala! Na lile ganda nimelitia kwa ajili yako! Waja peke yako asubuhi, husemi na mtu, wayakodolea macho matuta ya wenzio. Nikasema, huyu mtoto ana jicho la husuda, huyu."
Alicheka hadi ushungi ukamdondoka. Wenzetu pia. Mimi sikuweza.
Mwalimu hakucheka. Ametupa tuta jipya, moja kwa wawili. Mchicha, maana mnyauko huu hauugusi. Tutafaulu pamoja au tutafeli pamoja.

Jumamosi, 25 Aprili
Mchicha umefunika tuta. Mwalimu ameukagua: tumefaulu. Bi Mwanaidi amechuma fungu, akanipa nikapike.
Jembe nimeliosha kwa sabuni, nikalianika juani.
Kwenye kona ya tuta letu pana kijiti kipya na ganda jipya la yai. Sikumuuliza linamkinga nani na nani. Nimemwagilia mchicha, nikalizunguka ganda bila kuligusa.