Masikio ya Baba Mtakatifu

Chumba cha nyuma, karakana ya mabango,
S.L.P. 614.
Jumatano, tarehe 14.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Nilitaka kuanza na Tumsifu Yesu Kristo, nikakumbuka kwamba siku hizi huitikii. Basi nakusalimu kwa salamu isiyo na dhehebu: hujambo? Shemeji hajambo? Wale mapacha wameacha kung'atana? Sisi huku tunapumua. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, yakishapata joto anatembea. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo una mzigo, na ndiyo maana nakuandikia barua kama watu wa zamani. Simu zangu hupokei.

Ujumbe wako wa mwisho kwa Mama nilimsomea mimi. Uliuliza kwa nini tunamwabudu yule mzee wa mavazi meupe. Mama alivaa miwani, akaivua, akasema, "Mjibu wewe, mwenye maneno."

Dada, hatumwabudu. Kila Misa tunamwombea, na anayeabudiwa haombewi. Yeye mwenyewe hupiga magoti mbele ya padre akaungama kama mimi, ingawa nadhani orodha yake ni fupi kuliko yangu. Watu husikia eti Papa hakosei, wakadhani akisema kesho mvua, basi tutoe miavuli. Katekista alitueleza, nawe ulikuwa benchi moja nami ukinifinya: ni pale tu anapolitangazia Kanisa zima rasmi fundisho la imani au la maadili. Mengine anaweza kukosea kama mtu yeyote. Tunachokiheshimu ni kile kiti cha Petro, mtu aliyemkana bwana wake mara tatu na bado akakabidhiwa funguo. Anayekikalia hufa, kiti kinabaki.

Hapa kazini kila mtu ana lake. Bosi ni mlokole kama wewe, na hunitania kila siku: "Nyie mnapigia magoti rangi niliyonunua mimi dukani!" Halafu mchungaji wake akipita, anampangusia kiti, anambebea mkoba, na picha yake ipo kwenye kalenda juu ya dawati. Simsemi, ndiye anayenilipa. Fundi vioo wa jirani, Mwislamu, ni mpole zaidi. Aliniambia, "Kila watu na mkubwa wao, bwana. Ila kumchora ukutani, hapo mmetushinda." Siku ile nilicheka. Sasa sicheki tena, maana ukuta huohuo ndio ulioninasa.

Sikiliza nikueleze, na usimwambie mtu hata Shemeji.

Miaka mitatu iliyopita, miezi minne baada ya kumzika Baba, Paroko alitupa kazi ya kumchora Papa kwenye ukuta wa ukumbi wa parokia, mkubwa, kuanzia usawa wa madirisha hadi chini ya paa. Picha ya kuigia aliikata kwenye kalenda, ndogo kama kiganja. Niliichorea miraba ya penseli, ukuta nikaupiga miraba ya chaki, nikaanza na kanzu nyeupe, msalaba, kofia, mkono ulionyooshwa kubariki. Vyote vilitoka sawasawa. Siku ya kuchora uso, mvua ilininyeshea ngazini, na ile karatasi mfukoni ikawa uji. Mtu mwenye akili angekwenda kuomba nyingine. Mimi nilijiambia uso wa Papa nani asiyeujua, nikaendelea kwa kukumbuka.

Mkono nao ulikumbuka ya kwake. Niliposhuka nikarudi nyuma hatua kumi, niliyemwona ni Baba. Masikio yale yaliyotoka nje, kovu lile kwenye nyusi ya kushoto alipogongwa na mpini wa baiskeli, na ile namna yake ya kukukazia macho ukimrudishia spana mahali pasipo pake. Fundi baiskeli wetu, kavaa kanzu ya Baba Mtakatifu! Nikageuka nichukue brashi nifute, nikakuta wanakwaya wamesimama nyuma yangu wanapiga makofi. Paroko akasema huyu ndiye Papa wa kwanza anayefanana na watu wetu.

Nikanyamaza. Ndilo kosa langu, Dada, kuliko lile la uso.

Tangu hapo kina mama wa jumuiya hupanga maua chini yake. Wagonjwa wakipita hugusa pindo la ile kanzu. Na Mama, kila asubuhi Misa ikiisha, hukaa kwenye benchi lililouelekea ukuta, na rozari yake, mpaka jua limfikie miguuni. Nilikuwa najidanganya kwamba anamwombea Papa.

Sasa Papa yule amefariki na mwingine amechaguliwa. Askofu anakuja Jumapili ya tarehe 25, na Paroko anataka uso mpya ukutani kabla ya hapo. Nguo ibaki, mkono ubaki, uso tu ubadilike. Safari hii amenipa picha kubwa, ameiweka ndani ya nailoni. Ndiyo imani yetu hiyo niliyokuhubiria hapo juu, kwamba mtu huondoka na kiti hubaki. Kumbe ni rahisi kuisema ukiwa chini ya ngazi.

Nikikataa, Bosi atampa kazi yule mchoraji mwingine, naye hana subira, atapiga msasa mpaka kwenye plasta. Nikimweleza Paroko ukweli, kabla ya jioni mji mzima utakuwa unatucheka, kwamba Wakatoliki miaka mitatu wanampangia maua fundi baiskeli. Wewe mwenyewe ungecheka, nakujua. Na nikikubali, ni mimi mwanawe nitakayempaka Baba rangi machoni. Nageuka huku naona ukuta, nageuka kule naona ukuta. Usiku silali vizuri, na chakula nakisukuma tu.

Jana niliegemeza ngazi ili nipime. Mama alikuwa kwenye benchi lake. Akaniita kwa lile jina langu la utotoni, akasema bila kuacha rozari, "Uso mpe mwenyewe, mwanangu. Masikio niachie."

Nilishuka ngazi. Nikamuuliza tangu lini anajua. Akanitazama kama aliyeulizwa upande jua linakotokea. "Uso nimeuosha mpaka siku ya kufa kwake, nisiujue?"

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Hana sura nyingine ya Baba. Ile picha moja tuliyokuwa nayo, wao wawili mbele ya studio, Baba kashika kofia, uliitoa kwenye fremu siku aliyokufukuza kwa sababu ya kanisa lako jipya. Fremu bado ipo ukutani kwa Mama, tupu. Anaifuta vumbi kila Jumamosi. Nami nilidhani ni mazoea ya uzee.

Alikukosea, Dada. Sitamtetea. Alikutoa nje na begi mbele ya majirani, na mimi nilikuwa mlangoni nikatazama viatu vyangu. Hukuja kumzika, na sikukulaumu. Sikuombi urudi kanisani, sikuombi hata umsamehe. Naomba picha. Mpe dereva wa basi ndani ya bahasha ngumu, nitaipokea stendi mwenyewe. Masikio mawili nitayaacha ukutani na Askofu hatayajua ni ya nani, lakini hayatamtosha mke.

Kazi ni Jumamosi ya tarehe 24. Picha ikija au isipokuja nitapanda ngazi, kwa sababu ile kanzu inamngoja mwenyewe. Ila ikiwa haijaja, nitakuwa namzika Baba mara ya pili, na mara hii pia utakuwa hupo.

Mama anakusalimu, anasema ule na usijikondeshe kwa mifungo. Bosi anakusalimu kwa Bwana asifiwe, amefurahi kusikia una akili kunishinda. Msalimie sana Shemeji, na mapacha uwabusu kila mmoja kwenye sikio. Nimeyaona kwenye picha uliyomtumia Mama: wameyarithi.

Mungu, ambaye hatumgombanii, akulinde wewe na nyumba yako.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, niliyetazama viatu,

Kibrashi