Kuihama Tannhof

Alhamisi, 26 Oktoba

Barua ya Tannhof, kampuni yetu ya bima, imefika. Kila Oktoba huja, na kila Oktoba naisoma nimesimama mlangoni, koti bado mwilini. Safari hii mambo yako ukurasa wa pili. Kuanzia Januari, bima yetu ya nyongeza, tunayoilipia juu ya ile ya lazima, haitalipia tena kitanda wala upasuaji kwenye kliniki ya Daktari Caduff. Tannhof na kliniki hawakuelewana bei. Sentensi moja tu! Miaka ishirini na sita tuko nao.

Mke wangu Menga kaisoma mara mbili. Caduff ndiye aliyemtoa uvimbe wa titi miaka minane iliyopita. Haukuwa mbaya, lakini ile wiki ya kusubiri majibu sitaisahau. Mke wangu kasema tu kwamba kwa daktari mwingine haendi. Kisha kaendelea kumenya viazi.

Jumamosi, 28 Oktoba

Nesa, mdogo wake Menga, amekuja kula supu ya shayiri. Huyu huhama bima kila vuli, wiki ileile anayobadilisha tairi za gari. Leo kanikalia kooni.

"Shemeji, wewe umeolewa na Tannhof! Hata talaka hujui inaombwa wapi."

Anasema soko ni huria, makampuni yanatubembeleza. Bima ya lazima unaihama kwa barua ya mistari mitatu, mradi iwafikie kabla Novemba haijaisha. Iwafikie, si itumwe! Jirani yake barua ilichelewa siku moja, kakaa mwaka mzima pale pale.

Nikamuuliza, na ya nyongeza je? Kajipakulia supu tena. "Hiyo sijawahi kuwa nayo. Mimi mzima, ya nini?"

Hapo ndipo nikaanza kuwashwa. Ningependa kujua kama kweli niko huru. Mimi fundi wa piano: kibonyezo hakiulizwi hali, kinabonyezwa. Nitabonyeza.

Jumatatu, 6 Novemba

Nimepiga simu Firnalp, kampuni nyingine ya bima, wao wana mkataba na kliniki ya Caduff. Dada wa simu mpole kweli. Bima ya lazima wanampokea yeyote, hata mgonjwa wa kitandani, ndiyo sheria. Na ya nyongeza? Hiyo, kasema, ina fomu ya afya.

"Na nikiwa mgonjwa?"

"Basi mzee wangu, tunaweza kukukataa."

"Kwa sababu gani?"

"Si lazima tuitaje."

Nimecheka! Kumbe nyumba ni moja, milango miwili. Mmoja hauna kufuli, wa pili unapiga hodi huku umevua shati. Yule dada naye kacheka, halafu kaninong'oneza kitu cha maana: tusiiandikie Tannhof kuhusu nyongeza kabla ya kupata jibu lao. Wapo waliotoka huku kabla ya kuingia kule, wakabaki nje.

Jumapili, 12 Novemba

Siku ya fomu. Zimekuja mbili, yangu na ya Menga. Nimesoma maswali kwa sauti ya mtangazaji wa redio, na kuweka vituo vya kutisha. Nimejifurahisha mno, nakiri. Goti langu bovu nimeliandika lote, pamoja na sindano za mwaka jana. Menga anajibu upesi: hapana, hapana, hapana. Wanauliza miaka mitano tu, na uvimbe una minane. Safi!

Swali la kumi na moja: kwa sasa una dalili yoyote, au miadi ya daktari? Menga kainuka kwenda kutazama keki ya kokwa za jozi. Jibu kalitolea kule kule kwenye oveni: "Hapana." Keki ilikuwa imebakiza dakika ishirini, nami saa ya oveni naiona kutoka nilipokaa.

Nimeandika: hapana.

Alhamisi, 16 Novemba

Nilikuwa natafuta siku ya piano ya shule kwenye kalenda ya jikoni, ile ya duka la mikate. Safu yangu kushoto, ya Menga kulia. Upande wake, Jumanne ya tarehe 21, pamefutwa kitu. Karatasi imechakaa kwa kufutwa! Mtu mwingine angepita zake. Mimi nimeitoa ukutani nikaiinamisha dirishani mpaka alama za penseli zikaonekana. *Caduff, saa nane na robo.*

Nani anafuta miadi na daktari asiyetaka kumwacha?

Piano ya shule nimeilinganisha ovyo. Nimelazimika kurudia oktava nzima.

Ijumaa, 17 Novemba

Nimemuuliza. Hakukana.

"Wameuliza kama kuna miadi. Hakuna. Nimeifuta."

"Na dalili?"

Kakunja kitambaa cha vyombo mara nne. "Ni kitu kidogo, Balz. Upande uleule. Tangu Septemba."

"Tangu Septemba!"

"Usinitolee macho. Nikienda sasa, kitaandikwa. Kikiandikwa, Firnalp hawanichukui. Na kitanda kwa Caduff hakipatikani kabla ya Februari, wakati huo Tannhof hawalipi tena. Nitakwenda Januari, tarehe tatu asubuhi. Hazitimii wiki saba."

Hesabu yake nimeipitia kila upande. Haina kosa, na hilo ndilo linalonitisha. Anayetaka kuhama ni anayemhitaji daktari, na anayemhitaji daktari ndiye asiyeweza kuhama, ila kwa kunyamaza. Nesa anaweza kwenda popote kwa kuwa hana daktari wa kumwendea.

Mficha maradhi... sikuimalizia. Nimeogopa. Na nani kamfundisha kuficha? Fomu. Pamoja na mimi na sauti yangu ya redio.

Jumapili, 19 Novemba

Hatusemeshani sana. Theluji ya kwanza.

Jumanne, 28 Novemba

Majibu yote mawili, siku moja! Mimi nimekataliwa. Sababu hawakutaja, kama alivyosema yule dada, lakini goti langu linaijua. Menga kapokewa: karibu sana Firnalp, tunafurahi. Chini, kwa herufi ndogo: afya ikibadilika kabla ya tarehe mosi Januari tuarifuni, na majibu yasiyo ya kweli yanaweza kuvunja mkataba.

Kwa hiyo msema kweli kaachwa nje, na aliyenyamaza kafunguliwa mlango. Nilitaka kujua, sasa najua.

Nesa kapiga simu akishangilia. "Umeona, shemeji? Soko huria! Peleka barua ya Tannhof kesho, msije mkalala!" Hajui lolote. Menga kanikataza kumwambia.

Jumatano, 29 Novemba

Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Barua ya Menga ya kuiacha Tannhof, lazima na nyongeza pamoja, iko mezani, ameshaitia sahihi. Ikienda leo kwa rejista, kesho watakuwa nayo. Keshokutwa ni bure. Posta inafunga saa kumi na mbili, nami nimeshavaa viatu.

Asubuhi nilipiga simu kwa Caduff. Kuuliza tu, nilijiambia, udadisi. Mwongo mkubwa mimi! Niliuliza kama wana nafasi ya karibu, nikaacha jina la Menga.

Sasa hivi wamepiga, na simu kaipokea Menga. Kuna mgonjwa kaghairi: kesho, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Wamwandike?

Kaniangalia. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza.

"Nikienda kesho nikabaki Tannhof, nani atanipasua?"

Nikamwambia sijui.

"Na nikisubiri Januari?"

Hilo nalo sijui. Nimemwambia tu kwamba namtaka akiwa hai, kwa daktari yeyote. Sikuwahi kumwambia neno hilo kavu namna hii.

Dada wa mapokezi anasubiri. Menga kaiegemeza simu kifuani asisikike, upande uleule. Naandika ili nisimtazame. Zimebaki dakika ishirini na tano posta ifungwe. Penseli ya kalenda inaning'inia kwenye uzi wake.

Kaishika penseli, ncha kaiweka kwenye tarehe 30.