Chumba cha Milango Mitatu

Kaisho, Karagwe
9 Agosti 1998

Kaka Novatus,

Shikamoo. Habari za Bukoba na za kazi? Sisi wazima, ila goti la mama bado linamsumbua. Tata anakusalimu, ingawa anajifanya hajamsamehe mwanawe kwa kuondoka kahawa ikiwa bado mtini.

Je, fundi ameshaiona mashine yetu ya gemu? Ulisema wiki mbili, sasa ni mwezi wa pili. Televisheni nimeifunika kitambaa. Jumamosi watoto wa jirani bado wanachungulia dirishani, wanauliza yule askari wetu mfupi wa upanga yuko wapi. Nawaambia amekwenda Bukoba kwa matibabu.

Usiogope kwamba nitasahau njia. Mashine haitunzi kitu, betri ya gari ikiisha tunaanza mwanzo, lakini mimi ninayo yote kichwani: daraja linalokatika, popo, ngazi ya uongo, mpaka kile chumba cha milango mitatu. Ukipita mlango mmoja unajikuta chumba kilekile tena, na ukikosea mpangilio unatumbukia mtoni. Wewe kwenye vitufe, mimi kwenye njia. Uliniahidi hutaingia chumba kile bila mimi kuketi pembeni yako. Basi tutaonana Krismasi.

Mdogo wako mpendwa,
Kokugonza


Bukoba
20 Septemba 1998

Mdogo wangu Kokugonza,

Marahaba. Natumaini hamjambo wote na goti la mama limepata nafuu. Mimi nimenenepa, ukiniona utacheka.

Mashine imepona. Ila nisikilize kwanza, usinune. Mzee Rwegoshora, yule aliyenipa mahali pa kulala, amefungua chumba cha gemu karibu na soko na mimi ndiye msimamizi. Tumeanza na mashine yetu. Huku umeme upo, hakuna anayebeba betri kichwani.

Tatizo ni askari wetu. Anachezwa na mtu mmoja, wengine wanakaa wanapiga miayo, kisha wanaondoka. Watu wa siku hizi wanataka pedi mbili za vitufe: ngumi au mpira, mmoja amshinde mwenzake mbele za watu, kisha wapishe wengine. Hata mimi nimeanza kuzipenda, sikufichi.

Ni ya muda tu. Krismasi naja nayo, pamoja na kaseti yetu ya askari. Wewe chaji betri.

Kaka yako,
Novatus


Kaisho
28 Desemba 1998

Kaka,

Shikamoo. Tumesherehekea salama, namshukuru Mungu.

Betri niliipeleka mwenyewe Isingiro kwenye mashine ya kusaga, ikachajiwa siku nzima. Mama alikuwekea senene wa kukaanga kwenye kopo, tata akakataza mtu yeyote asiliguse. Mkesha nikaondoa kitambaa kwenye televisheni. Watoto walikaa chini mpaka wakasinzia.

Sikukuu yenyewe akaja rafiki yako Polikarpi, peke yake. Akanipa mfuko wako. Ndani nikakuta pedi moja mpya, na maneno yako kwamba nijizoeze ili nikija Bukoba usinishinde kirahisi. Nijizoeze na nini, Novatus? Mashine unayo wewe. Nikamuuliza kaseti iko wapi. Alitazama chini, akasema ulishaibadilisha na ya ngumi tangu mwanzoni mwa mwezi wa tisa.

Tangu mwezi wa tisa. Kwa hiyo uliponiandikia nichaji betri, askari wetu alikuwa ameshakwenda. Hili ndilo linaloniuma kuliko kaseti yenyewe.

Na unaniambia ule mchezo ulikuwa wa mtu mmoja. Mimi nilikuwa nani pale, kaka? Miaka miwili pembeni yako, nilikuwa nani? Huo wa pedi mbili ndio unaoniweka upande wa pili, nikupige ngumi watu washangilie. Sina ugomvi na wewe wa kutosha kuucheza. Au sikuwa nao.

Senene wamekula watoto.

Mdogo wako,
Kokugonza


Bukoba
14 Machi 1999

Mdogo wangu mpenzi Kokugonza,

Salamu nyingi sana kwako, kwa mama na kwa tata. Ni miezi miwili na zaidi sijakujibu. Kila nikishika kalamu naona aibu.

Nilikudanganya. Nilijua ukisikia kaseti imeondoka utamwambia tata, naye angeifuata mashine. Nisamehe.

Chumba kinajaa, lakini hakuna anayenihitaji. Wanakuja wawili wawili, wanatukanana, wanaondoka. Mimi nafungua mlango na kufunga. Wiki iliyopita nikamtafuta yule aliyechukua kaseti yetu, akaniazima. Nimecheza peke yangu. Daraja nilivuka, popo nikawakwepa, kila mahali nikisikia sauti yako ikisema ngoja, sasa ruka. Nimefika chumba cha milango mitatu na hapo nakwama, natumbukia mtoni kila mara.

Mwenye kaseti anaitaka mwisho wa Aprili. Kama una wazo lolote la mpangilio, niandikie hata mstari mmoja. Nikimaliza nitajua tumemaliza wote wawili.

Kaka yako anayekupenda,
Novatus


Kaisho
4 Aprili 1999

Novatus,

Shikamoo ipo, naitoa kwa sababu mama amenilea. Goti lake limepona. Tata hajui lolote, wala sitamwambia, kwa hiyo mashine kaa nayo.

Pedi nimemkabidhi Polikarpi akurudishie. Sijaitoa hata kwenye karatasi lake.

Unakumbuka ile Jumamosi ya mwisho, kabla hujabeba mashine? Picha ilianza kufifia tukiwa ndani ya chumba kile, ukapiga teke betri. Mimi nilikuwa nimenyamaza. Ulidhani nimekasirika. Kumbe ndipo nilipouona mpangilio, wote, kuanzia mlango wa kwanza hadi ule wa kutokea. Ulimi uliniwasha kukwambia. Nikasema hapana, namwekea Krismasi, nataka niuone uso wake tukipita.

Ninao mpaka leo. Nikifumba macho naweza kumtoa yule askari nje bila kukosea.

Uliingia bila mimi, ingawa uliahidi hutafanya hivyo. Umeniomba mstari mmoja, na nimekuandikia mingi. Huo mmoja siuandiki.

Kokugonza Byabato