Neno Alilosema Kaka Yako Baada ya Bakuli

Johannesburg

Wifi yangu Jeanne,

Pokea salamu za mjane wa kaka yako. Mgongo unanisumbua kwa kuinamia cherehani, ila nasimama. Goti lako je, limepoa? Na wote wa Lubumbashi, wanalala vizuri tangu tumalize matanga? Nakuandikia, nampa Pitchou anayerudi huko kwa basi, maana chumba chetu ni kimoja na ninachosema kwa simu mtoto anakisikia.

Umelalamika kwamba Héritière hapokei simu zako. Wifi, si dharau. Tangu tumzike babake hapokei za mtu yeyote, na kazini haendi. Mwanangu yule! Pale kwenye mgahawa wa Wavietnamu, yeye peke yake ndiye aliyeachiwa sufuria ya supu. Bibi mwenye mgahawa alisema mbele yangu kwamba mkono ule haufundishwi. Kanisa zima nimeliambia. Sasa bibi huyo ananipigia kila asubuhi kuuliza atarudi lini.

Unajua koo la kaka yako lilivyofungwa na ugonjwa. Bukari, ugali wetu wa nyumbani, ilimshinda, hata maharage. Basi mtoto akaanza kumletea tambi. Sisi tambi ni tambi, lakini wale Wavietnamu, eish, kila moja ina jina lake! Alianza na za ngano na mayai, zile za manjano. Babake akakohoa hadi machozi, akauliza kama ndiyo kulishwa kamba za viatu. Zikaja pana za mchele, akatafuna weee, zikamkwama. Nyembamba zikapita siku chache. Mwisho mtoto akapata za choroko, zikiiva zinang'aa kama kioo. Akazikata fupi kwa mkasi wangu wa kushonea, niliuchemsha kwanza, akazilainisha kwa supu ya kuku. Zikateleza! Daktari gani angewaza hivyo?

Jioni ya mwisho kaka yako alimaliza bakuli, na supu akainywa yote. Jirani yetu Apondi, yule Mkenya wa benki, akaja kumjulia hali, akamuuliza kama amekula. Akajibu kwamba bado hajakula, na mtoto akamsikia. Kulipokucha hatukuwa naye.

Hapo ndipo penye kidonda. Wewe na mimi tunajua: mwanaume wa kwenu umpe hata mbuzi mzima, kama mkono wake haujafinyanga bukari, hajakula. Lakini Héritière amezaliwa hapa, Kiswahili anakichukua kama kinavyotoka mdomoni. Anasema babake alikufa na njaa, na aliyemnyima ni yeye.

Nimemweleza. Akanijibu taratibu kwamba mimi husifu kila anachopika, hata uji ulioungua niliusifu, kwa hiyo hajui ni lini nasema kweli. Wifi, nililia kuliko siku ya maziko, kwa sababu alichosema ni kweli.

Wewe hujawahi kumsifu mtu. Siku ya harusi yangu ulitangaza kwamba wali wangu ni chakula cha kuku. Kwa hiyo Jumapili tukitoka kanisani piga kwenye simu yangu, nitamwekea sikioni. Usimbembeleze. Mgombeze kama unavyotugombeza sote, umwambie kaka yako alimaanisha nini. Wewe atakuamini.

Wasalimie shemeji na wote wanaomtaja marehemu kwa wema.

Ni mimi wifi yako,
Orpha, Mama Héritière