Nusu Yako na Nusu Yangu

12 Februari

Mdogo wangu,
Habari za huko, na kazi ya mabomba inaendaje? Mimi mzima. Mama bado anakwenda kwenye mashine ya kusafisha damu, na akirudi anashika ukuta mpaka kitandani. Daktari anasema apewe figo la mtu mwenye kundi lake la damu, na kila mtoto wake ana nafasi ya nusu ya kuwa na kundi hilo. Mimi napima Jumatatu. Pima na wewe.
Dada yako

1 Machi

Dada,
Shikamoo. Mimi sijambo, nawaombea. Nimempigia mama nikamtoa hofu: nusu yako na nusu yangu ni nzima, kwa hiyo mmoja wetu lazima atafaa. Ukikosa wewe, basi ni mimi, na nitakuja mkataba ukiisha mwezi wa tisa. Usijipe presha.
Mdogo wako

9 Machi

Wewe,
Salamu baadaye. Nimepima, sifai. Mama mdogo amepima, anafaa, yuko tayari hata kesho. Mama kamkatalia. Anasema, "Mwanangu kaniambia ni yeye, kwa nini wampasue mdogo wangu bure?"

Nani alikufundisha hesabu hiyo? Rusha sarafu mbili, yangu na yako, kichwa ndiyo kufaa. Kuna mara zote mbili zitaonyesha kichwa, na kuna mara hakuna hata moja. Ile mara ya zote mbili, ambayo ni robo, umeihesabu kwangu, ukaihesabu tena kwako, ndiyo maana ukapata nzima. Punguza hiyo robo iliyozidi, unabaki na robo tatu. Robo nyingine ni ya sisi wote kutofaa. Na sasa mimi nimeshatoka, wewe una nusu yako ile ile, haijaongezeka hata chembe. Kupima damu ni asubuhi moja tu. Mwezi wa tisa mama hafiki. Nina hasira na wewe mpaka kalamu inachana karatasi.
Bado dada yako, nifanyeje

2 Mei

Dada,
Shikamoo. Poleni na uuguzi. Nimepima. Mimi pia sifai. Naomba umwambie mama, taratibu.
Mdogo wako

10 Mei

Simwambii. Barua yangu umeikalia karibu miezi miwili, leo unanituma? Mimi nikisema ataniambia nakuonea. Mpigie mwenyewe, leo. Akikubali, mama mdogo analazwa wiki hii.
Dada yako

20 Mei

Dada,
Shikamoo. Nimempigia. Nilimwambia figo langu halimfai, apokee la mama mdogo. Akasema sawa, upesi hivyo, hata hakulia. Akaniambia hesabu yangu alijua ni ya ovyo tangu siku ile, ila aliishikilia kwa kuwa ndiyo ilikuwa sababu pekee ya mimi kurudi nyumbani.

Kisha akauliza, "Figo lako halitakiwi tena. Wewe je, unakuja lini?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata simu.
Mdogo wako